Ultrasaundi ya mkononi kwa mgonjwa mahututi: tathmini ya probu ya chipu yenye kichwa kimoja

Probu ya mkononi, yaani kichwa cha ultrasaundi kinachounganishwa na simu au tableti, hujibu vizuri swali la ndiyo au hapana. Je, moyo umezungukwa na maji? Je, pafu linateleza? Je, kuna damu kati ya ini na figo? Ukiiuliza "kiasi gani?", hasa kwenye moyo, inaanza kuyumba, na hatari yake ni kwamba namba itatokea skrini hata pale picha ilipokuwa mbovu. Kwa chumba cha dharura na ICU tunaipa alama za juu kwenye mapafu na tumbo, alama za kati kwenye kuongoza sindano, na alama za tahadhari kwenye moyo. Kuchukua nafasi ya mashine kubwa ya ultrasaundi, ile ya magurudumu, haiwezi. Inaitangulia.

Tunayoipima hapa ni ile inayotumia chipu badala ya fuwele. Njia hiyo ilifunguliwa na Butterfly iQ, iliyopata idhini Marekani mwaka 2017 ikiwa na vipokezi vinavyokaribia 9,000 juu ya kipande kimoja cha silikoni. Fuwele za piezo za probu ya kawaida hutetema katika masafa finyu, ndiyo maana mashine kubwa huja na probu tatu: ya mstari kwa vitu vya juujuu, ya mviringo kwa tumbo na ya sekta kwa moyo. Chipu hutetemesha vitando vidogo sana katika masafa mapana, kuanzia takribani MHz 1 hadi 10, hivyo kichwa kimoja huigiza zote tatu unapobadilisha mpangilio kwenye programu. Wengine wamechagua njia tofauti. Philips Lumify imebaki na fuwele na probu tatu zinazochomekwa kwenye simu au tableti, na GE Vscan Air haina waya na ina vichwa viwili, kimoja kila ncha.

Kuigiza si sawa na kuwa. Sehemu kubwa ya tathmini hii inatokana na hilo.

Kabla picha haijatokea

Mgonjwa anapoingia akiwa na presha ya 60, kinachohesabiwa ni sekunde kutoka mfukoni hadi picha ya kwanza. Probu yenyewe huwaka haraka. Simu ndiyo inayochelewesha. Simu imefungwa, programu imemtoa mtumiaji, imeanza kujisasisha, inataka nenosiri, au hifadhi imejaa na klipu haiwezi kurekodiwa. Tiba yake ni simu au tableti moja ya idara isiyo na kazi nyingine, arifa zimezimwa, masasisho yamepangwa saa za utulivu, na mtu wa zamu anaingia kwenye programu mwanzoni mwa zamu. Kutumia simu binafsi tunakupinga kwa sababu nyingine pia: picha za wagonjwa hubaki kwenye kifaa kinachotoka hospitalini kila jioni.

Joto ndilo lalamiko la kweli dhidi ya vifaa hivi vyote. Viwango vya kimataifa vya usalama haviruhusu uso wa probu unaomgusa mgonjwa uzidi nyuzi 43 za Selsiasi. Probu kubwa hutawanya joto kupitia kebo nene na mashine yake. Ya mkononi imebeba kila kitu ndani ya mwili mdogo uliofungwa. Ikikaribia kikomo hupunguza nguvu au idadi ya fremu, kisha husimama ili ipoe. Kinachoipasha zaidi ni Dopla ya rangi, modi inayoonyesha mtiririko wa damu, na probu iliyoachwa hewani ikiendelea kupiga picha, kwa maana hewa hurudisha karibu mawimbi yote. Zoea kugandisha picha kila unapoinua mkono. Washa rangi pale tu ulipo na swali la mtiririko, uzime mara moja. Na usiianze siku ya ufufuaji kwa probu iliyotoka kufundishia wanafunzi nusu saa mfululizo.

Mapafu: hapa inalipa

Hapa tofauti na mashine kubwa ni ndogo sana, kwa sababu mapafu husomwa kwa kivuli na mwangwi bandia kuliko kwa undani wa picha.

Kutafuta numothoraksi, yaani hewa iliyovuja kati ya pafu na ukuta wa kifua, mlaze mgonjwa chali ili hewa ipande mbele. Weka probu wima, alama ikielekea kichwani, kwenye nafasi ya pili hadi ya nne ya mbavu, usawa wa katikati ya mtulinga. Kina kiwe sm 4 hadi 6. Tafuta mbavu mbili na vivuli vyake kwanza. Utando wa pafu ni mstari unaong'aa chini kidogo ya mbavu hizo, kama nusu sentimita kwa mtu mzima. Asiyeanza na mbavu huishia kutazama msuli na kuapa kwamba pafu halitelezi. Punguza mwangaza hadi mstari uonekane mwembamba, kisha subiri pumzi tatu au nne bila kutikisa mkono. Ukiwa na shaka washa modi ya M, inayochora mwendo wa mstari mmoja kadiri muda unavyopita: pafu lililogusana na ukuta hutoa picha ya bahari juu na mchanga chini, lisilogusana hutoa mistari mitupu kama baakodi.

Wengi hukosea hapa. Kutokuona mtelezo hakumaanishi numothoraksi. Mrija wa hewa ulioingia bronka ya kulia husimamisha pafu la kushoto. Mgonjwa asiyepumua, utando ulioshikamana kwa ugonjwa wa zamani, mapovu makubwa ya emfisema: yote hutoa picha ileile. Kinachothibitisha ni ncha ya pafu, yaani mahali ambapo mtelezo huja na kupotea kwenye nafasi ileile kwa kila pumzi. Telezesha probu kuelekea ubavuni kuitafuta. Kinachokanusha, papo hapo chini ya probu, ni mtelezo, mistari B (mistari ya wima inayoelezwa hapa chini), au utando unaodunda kwa mapigo ya moyo.

Kwa mistari B badilisha kila kitu. Kina kiwe sm 15 hadi 18, na zima vichujio vya kulainisha picha, kwani programu hujitahidi kufuta kile hasa unachokitafuta. Tumia mpangilio wa mapafu kama upo. Ule wa tumbo bila kuzima vichujio hukuonyesha mistari michache kuliko iliyopo. Mstari B wa kweli huanzia kwenye utando, hushuka hadi chini ya skrini bila kufifia, hufuta mistari A (mwangwi wa mlalo unaojirudia chini ya utando) na husogea na pumzi. Mitatu au zaidi katika nafasi moja ya mbavu ni dalili, na maeneo mawili au zaidi ya namna hiyo kila upande huonyesha kwamba tishu za pafu zimelowa pande zote. Moyo ulioshindwa huleta mistari iliyosambaa sawasawa, na utando laini. Nimonia hukaa upande mmoja au kwa madoa. Pafu la ARDS, yaani lililoshindwa ghafla kwa uvimbe mkali, lina utando wenye makunyanzi, na sehemu zilizosalimika katikati ya zilizoharibika. Daniel Lichtenstein na Gilbert Mezière waliunganisha alama hizi kuwa itifaki ya BLUE mwaka 2008, nayo bado ndiyo ramani bora kwa mgonjwa anayehema sana bila sababu inayojulikana.

Maji ya kifua ni rahisi kuliko yote. Peleka probu nyuma ya mstari wa kwapa, tafuta kiwambo, kisha tazama uti wa mgongo. Kwa kawaida pafu lenye hewa huukatisha kwenye kiwambo. Ukiendelea kuonekana juu yake, kuna maji, au pafu limekuwa gumu. Usiwahi kuingiza mrija kabla hujakiona kiwambo kikipanda na kushuka.

Tumbo la mgonjwa wa ajali

eFAST, yaani ukaguzi wa haraka wa tumbo, moyo na kifua cha majeruhi kwa ultrasaundi, tunaiamini kwa kifaa hiki. Upande wa kulia, probu kwenye mstari wa katikati ya kwapa, usawa wa ubavu wa 8 hadi 11. Kosa la kudumu ni kusimama kwenye picha nzuri ya ini na figo na kutangaza kuwa hakuna kitu. Shuka hadi uione ncha ya chini ya ini, maana damu chache hukusanyika hapo kwanza. Kushoto, wengu uko juu zaidi na nyuma zaidi ya unavyodhani. Vifundo vya mkono wako viguse kitanda. Huko damu hutangulia kati ya kiwambo na wengu, si kati ya wengu na figo. Nyonga itazamwe kabla katheta haijamwaga kibofu, na mwangaza upunguzwe, kwa sababu mkojo hung'arisha kilicho nyuma yake hadi damu inamezwa na weupe.

Mkono mzoefu huona majimaji kuanzia takribani ml 200 hadi 250. Mkono mchanga huhitaji zaidi ya nusu lita. Damu iliyoganda ni ya kijivu, si nyeusi, na hufanana na tishu. Mafuta yanayozunguka figo humdanganya mgeni, na tumbo lenye maji ya ugonjwa wa ini humdanganya hata mzoefu. Damu iliyo nyuma ya peritoneo (utando wa ndani wa tumbo), kama ile ya nyonga iliyovunjika, haionekani. Kwa hiyo matokeo safi kwa mgonjwa ambaye presha inazidi kushuka ni sababu ya kurudia kipimo, wala hayatoshi kumtoa kwenye orodha.

Moyo, na mipaka yake

Uso wa probu hii ni mpana, na nafasi za mbavu ni finyu. Probu ya sekta hupenya kwenye upenyo mdogo kisha hutanua picha; hii hukalia mbavu mbili na kuleta vivuli viwili pembeni. Zungusha kidogo ili ilale sambamba na mbavu, mgeuze mgonjwa kwa ubavu wa kushoto kama anaweza, na upige picha mwisho wa kutoa pumzi. Kwa aliye kwenye mashine ya kupumulia mara nyingi dirisha pekee ni chini ya kidari: kunja magoti yake, shika probu kutokea juu, ilaze karibu sambamba na ngozi, tumia ini kama dirisha, na kina kiwe sm 16 hadi 20. Mabadiliko ya mkono hapa yana thamani kuliko kitufe chochote.

Angalia pia alama ya skrini. Mipangilio ya tumbo huiweka kushoto, ya moyo huiweka kulia. Ukiruka kutoka mmoja hadi mwingine katikati ya eFAST bila kutambua, ventrikali (vyumba vya chini vya moyo) za kulia na kushoto zinabadilishana majina, na mtu mwenye moyo mzima ataambiwa ana donge la damu kwenye pafu.

Swali la maji kuzunguka moyo inalijibu. Kwenye picha ya mhimili mrefu wa moyo ongeza kina hadi uione aota inayoshuka: maji ya utando wa moyo hupita mbele yake, ya kifua hubaki nyuma yake. Mafuta ya mbele ya moyo ni ya kijivu na husogea pamoja na moyo. Kwa tamponadi, yaani moyo unaobanwa na maji hayo, tazama atiria (chumba cha juu) ya kulia ikibonyea wakati wa systoli (moyo unapojikaza), ventrikali ya kulia ikibonyea wakati wa diastoli (unapolegea), na vena kava (mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni) iliyojaa isiyopungua. Wingi wa maji haukuambii ukali wake. Maji machache yaliyoingia haraka huua, mengi yaliyojikusanya kwa wiki huvumiliwa.

Ventrikali ya kulia nayo inasomeka kwa jicho. Kwa kawaida haizidi theluthi mbili za ile ya kushoto. Zikilingana, kuna shida kubwa. Nguvu ya ventrikali ya kushoto ikadirie kwa jicho pia: nzuri, imepungua, mbaya sana. Umbali kati ya vali ya mitra na ukuta wa katikati ukizidi mm 7 unaunga mkono udhaifu, ila mstari wa kupima ukikata kimshazari, namba hiyo ni ya kutupa. Probu nyingi za mkononi hazina Dopla endelevu, inayopima damu iendayo kasi sana, kwa hiyo mgandamizo wa vali iliyobana haupimiki. Anayehitaji hilo aite mashine kubwa na mtaalamu wa moyo.

Vena kava ya chini imebebeshwa majukumu kuliko uwezo wake. Kipimo huchukuliwa sm 1 hadi 2 kutoka atiria ya kulia, mgonjwa akipumua mwenyewe. Chini ya sm 2.1 na ikibonyea zaidi ya nusu anapovuta pumzi ya puani, shinikizo la atiria liko chini, karibu mmHg 3. Juu ya sm 2.1 na isipobonyea, liko juu, karibu 15. Kilicho katikati ni katikati, basi. Kwenye mashine ya kupumulia kanuni hiyo haitumiki. Na hakikisha si aota: fuata mshipa hadi uuone ukiingia atiria na kupokea vena ya ini. Mdundo peke yake hautoshi, kwa kuwa vena kava iliyo kando ya aota nayo huonekana ikidunda.

Wakati moyo umesimama

Hapa udogo wa kifaa ni baraka na mtego kwa pamoja. Baraka, kwa kuwa kinaingia kati ya watu sita waliozunguka kitanda. Mtego, kwa kuwa utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha kuwa kukagua mapigo kwa ultrasaundi kulirefusha usitishaji wa kukandamiza kifua hadi wastani wa sekunde 21, badala ya 13. Mwongozo ni usizidi 10.

Utaratibu unaofaa ni huu. Mpiga picha asiwe kiongozi wa timu. Probu iwe tayari chini ya kidari, jeli imepakwa, kabla mkandamizaji hajanyanyua mikono. Mtu mwingine ahesabu kwa sauti kutoka 1 hadi 10. Rekodi klipu ya sekunde 6, ondoa probu, kifua kiendelee kukandamizwa, ndipo uitazame klipu. Atakayejaribu kutafsiri picha wakati kifua kimesimama atavuka 10 bila kujua. Kumbuka pia kuwa ventrikali ya kulia hutanuka kwa kusimama kwa moyo kwenyewe, hivyo upana wake pekee hauthibitishi donge. Utafiti wa REASON wa mwaka 2016, wenye wagonjwa 793, ulihusisha moyo unaotikisika na nafasi kubwa zaidi ya kunusurika. Haukumpa mtu ruhusa ya kuacha ufufuaji kwa picha moja.

Sindano, vena na macho

Kwa vena ya shingo ya mtu mzima inafaa. Kwa vena ndogo za mkono, au kwa mtoto, probu ya kweli ya mstari inaishinda waziwazi. Picha ya juujuu ya chipu ina ukungu, na kichwa kinene huipunguzia sindano nafasi. Ukipiga sindano kwa kukatisha, doa jeupe unaloliona linaweza kuwa shina lake badala ya ncha. Sogeza probu mbele hadi doa lipotee, rudisha hadi litokee: hapo ndipo ncha ilipo. Kabla ya kutanua tundu, iangalie waya ndani ya vena kwa pande mbili, ya kukatisha na ya kufuata. Tendo hilo la sekunde chache huzuia kutanua ateri ya karotidi.

Donge la damu mguuni linapimwa kwa kubonyeza tu, kinenani na nyuma ya goti. Vena ibonyee hadi kuta zigusane kabisa, kwa nguvu inayotosha kuibonyeza ateri kidogo. Kwa jicho tumia mpangilio wa macho na si mwingine, kwani hushusha nguvu ya mawimbi. Usiweke probu kabisa kwenye jicho linaloshukiwa kupasuka.

Usafi na uchakavu

Futa jeli kwanza, kisha dawa. Dawa haifanyi kazi juu ya jeli. Acha uso ubaki umelowa kwa muda wote ulioandikwa kwenye pakiti, na usafishe kebo pia, kwa maana ndiyo inayoburutwa juu ya shuka. Spiriti hupasua utando wa baadhi ya probu, kwa hiyo fuata orodha ya mtengenezaji. Kwa sindano, tumia kifuniko tasa na jeli tasa ya nje. Ya ndani isiwe na povu, la sivyo utaona giza. Chupa za jeli zinazojazwa tena zimewahi kusambaza bakteria wa Burkholderia hospitalini. Zitupwe.

Probu iliyoanguka inaweza kuonekana nzima na kuwa imekufa sehemu. Kila asubuhi iwashe ikiwa kavu hewani: mistari ya mwangwi ilale sawasawa kutoka upande hadi upande. Ukiona ufa mweusi wima, paka jeli na upitishe klipu ya karatasi taratibu usoni mwake. Pale mwanga unapokatika, vipokezi havifanyi kazi. Jaribio hilohilo lifanyike siku ya kuinunua, mbele ya muuzaji, likifuatiwa na dakika 20 za picha mfululizo zenye Dopla ya rangi juu ya mtu mzima mnene, kidole kikiwa juu ya saa ili kuona itazima dakika ya ngapi na itachukua muda gani kurudi.